Kozi ya Kufanywa Upya Nia: Jumanne Kumi na Daftari la Safu Tatu

Kwa Jumanne kumi mfululizo, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu, nilihudhuria kozi ambayo usharika mmoja hapa Dodoma huitoa mara mbili kwa mwaka kwa ajili ya watu wanaosumbuliwa na mawazo mabaya yasiyokoma. Tangazo lake lilisomwa ibadani kwa jina la "Kufanywa Upya Nia", na ada ilikuwa shilingi 15,000, fedha zilizotosha daftari kubwa, vitini, kalamu na chai ya kila juma. Naandika tathmini hii kwa sababu watu watatu wamekwisha kuniuliza kama kozi inafaa, na kila mara nimewajibu kwa sentensi moja ambayo baadaye niliona haikutosha. Inafaa, tena sana. Lakini inafaa kwa sababu ambazo hazikutajwa katika tangazo, na ina kasoro moja ambayo mwenye kutaka kujiunga anapaswa kuijua kabla hajalipa ada yake.

Niseme kwanza nilikwenda nikiwa na nini. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari. Mwaka juzi mama yangu mzazi, aliyekuwa akiishi nami, alianza kulalamika kifua siku ya Alhamisi. Nikamnunulia dawa ya kikohozi, nikaenda kazini kusimamia mitihani, na sikumpeleka hospitali mpaka Jumamosi mchana. Alifariki Jumatatu alfajiri. Tangu hapo nilikuwa nikiamka saa tisa usiku bila kuamshwa na kitu, na kuanza kuipitia ile Ijumaa ya katikati kama msahihishaji anayerudia karatasi ileile kila usiku na kuipa sifuri ileile. Kwa Kiswahili chetu mtu akisema "nina mawazo" hana haja ya kuongeza kwamba ni mabaya, kwa kuwa neno lenyewe limekwisha kuelemea upande huo. Nami nilikuwa na mawazo, na walionipenda waliniambia niombe, nimshukuru Mungu kwamba mama alilala katika imani, na niyaache mawazo. Niliomba, nikashukuru, lakini mawazo hayakuniacha.

Kozi inaongozwa na watu wawili: mchungaji wa usharika, na mama mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, ambaye sote tunamwita Mama Nesi. Mchungaji anaijua Biblia kwa kina, lakini moyo wa kozi ni Mama Nesi. Jumanne ya kwanza nilitarajia mahubiri na maombezi. Badala yake, baada ya wimbo mmoja na sala fupi, alitugawia madaftari yaliyokwisha kuchorwa safu tatu kwa rula, kila ukurasa. Juu ya safu ya kwanza kuliandikwa "Wazo", ya pili "Je, ni kweli?", na ya tatu "Neno lasemaje?" Akatuambia tuijaze safu ya kwanza tu.

"Andikeni wazo moja," alisema, "lakini liandikeni kama linavyosema lenyewe usiku. Msilipambe, wala msiliombee radhi."

Niliandika: "Nilimuua mama yangu kwa uzembe." Sikuwa nimewahi kuyasema maneno hayo kwa sauti, wala kwa mume wangu, wala katika maombi. Nilipoinua kalamu niliona ncha yake imetoboa karatasi kwenye neno la mwisho. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa faida yangu, kwa maana wazo lililokuwa limeenea nyumba nzima kama moshi lilikuwa sasa limekaa mahali pamoja, maneno matano juu ya mstari, na mtu angeweza kulitazama.

Safu ya pili ilichukua Jumanne mbili. Mama Nesi alitueleza bila kuficha kwamba hakuipata kanisani. Daktari wa magonjwa ya akili wa Kimarekani, Aaron Beck, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kufariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 100, aligundua katika miaka ya 1960 kwamba wagonjwa wake wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, walikuwa na mawazo ya haraka yanayojileta yenyewe, nao huyaamini kabla hawajayapima. Ndipo akajenga tiba ya kumfundisha mgonjwa kuliandika wazo na kulidai ushahidi. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa kati yetu aliuliza kama ni halali kuleta mambo ya daktari asiyehubiri Injili ndani ya somo la Biblia. Mama Nesi alimwomba afungue Wafilipi 4:8 atusomee, na akasoma kwa Biblia yake ya Union, ile tafsiri iliyotoka mwaka 1952: "Hatimaye, ndugu zangu, mambo yo yote yaliyo ya kweli, yo yote yaliyo ya staha, yo yote yaliyo ya haki, yo yote yaliyo safi, yo yote yenye kupendeza, yo yote yenye sifa njema, ukiwapo wema wo wote, ikiwapo sifa nzuri yo yote, yatafakarini hayo."

"Baba, neno la kwanza Paulo ametaja nini?" aliuliza.

"Ya kweli."

"Basi na tuanze na hilo."

Nimelisoma andiko hilo tangu kipaimara, na sikuwahi kuona kwamba mpangilio wake una maana. Nilikuwa nalisoma kana kwamba linaniambia niwaze mazuri ili nisiumie, na kwa kuwa mawazo yangu hayakuwa mazuri nilijiona nimeshindwa hata katika hilo. Lakini Paulo anaanza na ukweli, na linalopendeza linakuja la tano. Kozi nzima imesimama juu ya uelewa huo, na hapa ndipo inapotofautiana na mafundisho mengi ninayoyasikia redioni na mikutanoni, ambayo humtaka mtu akiri ushindi kwa kinywa chake hata kama hajaruhusiwa kutazama kile kinachomshinda.

Basi nikaandika safu ya pili. Ni kweli nilichelewa siku mbili. Si kweli kwamba nilijua. Ni kweli daktari alisema mapafu yalikuwa yameathirika sana. Si kweli kwamba alisema angepona kama ningemleta Alhamisi. Nilimuuliza, naye alisema hawezi kujua. Kisha, nikiwa katikati ya sentensi nyingine, nikakumbuka kwamba Ijumaa usiku nilimpikia mama uji wa ulezi, nikautia ndimu kama apendavyo, na nikaketi naye kitandani hadi alipopata usingizi, na kabla ya kulala aliniambia nikapumzike kwa sababu macho yangu yalikuwa mekundu. Uji ule ulikuwa umefutika kabisa kichwani mwangu. Kwa muda wa mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimeihukumu Ijumaa ile mara mamia, na katika mara zote hizo uji haukuwahi kuletwa mbele ya hakimu.

Safu ya tatu ndiyo iliyonipa shida nisiyoitegemea. Kwa kuwa nina maandiko mengi kichwani niliijaza haraka, na andiko la kwanza nililoliweka lilikuwa Yeremia 29:11, lile linalopendwa na kila mtu: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Mama Nesi alipopita nyuma ya kiti changu alisimama, akaweka kidole chini ya mstari huo.

"Mwalimu, hili waliandikiwa akina nani?"

Nilijibu kwamba ni barua kwa waliochukuliwa mateka kwenda Babeli. Akaniomba nisome sura kuanzia mwanzo, nikafika mstari wa kumi, unaosema kwamba miaka sabini itimie kwanza ndipo Mungu awarudishe. Yaani wengi kati ya waliosomewa barua ile walijua kwamba watafia ugenini. Kabla ya ahadi wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea amani mji wa adui yao. Ahadi ni ya kweli, lakini si ahadi ya kwamba jambo lililoharibika litatengenezwa wiki ijayo. Mama Nesi hakunikataza kuliandika. Alisema tu kwamba andiko likitolewa mahali pake linakuwa jepesi, na usiku wazo litakapolisukuma litaanguka.

Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa la kozi hii, na ndilo linalostahili ada mara kumi. Tumezoea kuyatumia maandiko kama hirizi: unachukua mstari mmoja, unaufunga shingoni, unasubiri ufanye kazi. Mithali 23:7, "Maana aonavyo nafsini mwake, ndivyo alivyo," nimeisikia ikihubiriwa mara nyingi kwamba ukiwaza utajiri utakuwa tajiri, ilhali ukisoma mistari inayoizunguka unakuta inamzungumzia mwenyeji mwenye husuda anayekukaribisha chakula kwa mdomo huku moyo wake hauko pamoja nawe. Si andiko la kujiwazia makuu hata kidogo. Katika kundi letu alikuwamo kijana mwendesha bodaboda, ambaye ameniruhusu nieleze habari yake bila jina. Nyuma ya pikipiki yake ameandikisha "Nayaweza mambo yote", maneno ya Wafilipi 4:13, na wazo lake katika safu ya kwanza lilikuwa kwamba yeye ni wa kushindwa tu, kwa kuwa pikipiki ya kwanza ilichukuliwa na aliyemkopesha. Mama Nesi alimsomesha Wafilipi 4 kuanzia mstari wa kumi na moja. Kijana alisoma polepole: "Najua kudhiliwa, tena najua kufanikiwa, katika hali yo yote, na katika mambo yo yote, nimefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa." Akanyamaza. Kisha akauliza kama Paulo aliandika hayo akiwa gerezani, na mchungaji akamwonyesha katika sura ya kwanza mahali Paulo anapotaja vifungo vyake. Kijana akasema kwamba siku zote alidhani mstari ule unamwahidi kuwa pikipiki haitachukuliwa. Sasa aliona kwamba unamwambia kuna namna ya kusimama hata ikiwa imechukuliwa. Sijasikia mahubiri juu ya andiko hilo yaliyonigusa kuliko sentensi ile ya mwendesha bodaboda.

Jumanne ya tano ilikuwa ya lugha, nami nikiwa mwalimu wa lugha naomba kuikalia kidogo. Mchungaji alileta 2 Wakorintho 10:5, "tukiteka nyara kila fikira ipate kumtii Kristo", akatukumbusha kwamba leo tukisikia "kutekwa nyara" tunafikiri habari za magaidi na watu waliofichwa msituni, lakini Paulo anatumia neno la vitani, la askari aliyeshindwa anayeletwa amefungwa mbele ya mkuu wa jeshi. Wazo halipuuzwi wala halifukuzwi, kwa kuwa lililofukuzwa hurudi. Linakamatwa na kuletwa lihojiwe. Vivyo hivyo katika Warumi 12:2, Union inaposema "mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu", msomaji wa leo husikia nia kama kusudio, kana kwamba kinachotakiwa ni kukusudia vizuri zaidi. Biblia Habari Njema inatumia neno fikira mahali hapo, na kwa msomaji wa sasa hilo liko karibu zaidi na kinachosemwa. Nashauri mshiriki aje na tafsiri zote mbili akiweza. Union ina mdundo unaobaki kichwani, na kwa kazi ya kukariri haina mpinzani. Habari Njema inafaa zaidi pale unapohitaji kuhakikisha kwamba umeelewa ulichokariri.

Jioni hiyohiyo tulifundishwa kutafakari. Zaburi 1 inasema juu ya mtu wa heri kwamba "sheria yake huitafakari mchana na usiku", na mchungaji alieleza kwamba kitenzi cha Kiebrania kilichopo hapo ni kitenzi cha sauti: kinatumika katika Isaya 31:4 kwa simba anayenguruma juu ya windo lake, na katika Isaya 38:14 kwa njiwa anayeomboleza. Kutafakari basi hakukuwa kuketi kimya na kufumba macho; kulikuwa kutamka kwa sauti ya chini, tena na tena, midomo ikisogea. Alitutaka tufanye hivyo palepale, kila mmoja na andiko lake, kwa dakika kumi. Ukumbi ulijaa mnong'ono. Nami nilikuwa nimechagua Zaburi 42, na ni mazoezi hayo ya dakika kumi niliyoanza kuyafanya saa tisa usiku, nikiwa nimekaa jikoni ili nisimwamshe mtu.

Zaburi hiyo naielezea kwa sababu ndiyo iliyokuja kukaa katika safu yangu ya tatu badala ya Yeremia. Mwenye kuimba anasema machozi yake yamekuwa chakula chake mchana na usiku. Hajifanyi kuwa mzima. Kisha anageuka na kuisemesha nafsi yake mwenyewe: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu, kwa maana nitakuja kumsifu." Mama Nesi alitutaka tuhesabu ni mara ngapi maneno hayo yanarudi, na tukakuta ni mara tatu, katika mstari wa tano, katika mstari wa kumi na moja, na tena mwishoni mwa Zaburi 43 inayofuata. Aliyesema mara ya kwanza hakupona kwa mara hiyo moja. Alirudi chini, akalia tena, akasema tena. Mimi nilikuwa nikidhani kwamba kama andiko lingekuwa na nguvu, au kama imani yangu ingetosha, ningelisema mara moja na kulala. Na kila nilipolazimika kulirudia nilijiongezea shtaka jingine. Kuona kwamba kurudia kumeandikwa ndani ya zaburi yenyewe kuliniondolea mzigo ambao sikujua kuwa naubeba.

Sasa nieleze kasoro. Ndogo nazipitia haraka. Ukumbi una paa la bati lisilo na dari, na Jumanne mbili mvua iliponyesha hatukusikiana kabisa. Kwaya ya vijana hufanya mazoezi chumba cha pili saa ileile. Vitini vilivyorudufiwa vimefifia, na kimoja kilituelekeza Isaya 26:13 badala ya 26:3, kosa ambalo kwa mgeni wa Biblia si dogo. Tulikuwa watu ishirini na wawili, na kwa saa moja na nusu hiyo ni idadi kubwa mno. Wapo waliomaliza kozi bila safu yao ya tatu kusomwa na yeyote. Wazazi wenye watoto wadogo hawakupangiwa mahali pa kuwaweka, na mama mmoja aliacha kuja kwa sababu hiyo tu.

Kasoro kubwa ilikuwa Jumanne ya saba. Viongozi wetu walikuwa safarini katika mkutano wa kanisa, na wakamwalika mwalimu mgeni ashike nafasi yao. Alikuwa na sauti nzuri na maneno mengi, na kwa nusu saa ya kwanza nilifurahi. Kisha akasema kwamba Mkristo aliyejaa Neno hawezi kuwa na sonona, kwamba sonona ni jina la hospitali kwa roho ya kukata tamaa, na kwamba anayemeza vidonge kwa ajili ya akili yake ameweka mguu mmoja Misri. Akatusomea 2 Timotheo 1:7, "Maana Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi," kana kwamba ni cheti cha kumruhusu mgonjwa kutoka wodini. Mmoja wetu alikuwa akitumia dawa alizoandikiwa hospitali. Aliziacha usiku uleule. Baada ya siku chache hali yake ilikuwa mbaya, na Mama Nesi, aliporudi na kusikia, alikwenda nyumbani kwake, akakaa naye mchana mzima, na kesho yake akafuatana naye kwa daktari.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu tunaishi Dodoma, mji wenye Hospitali ya Mirembe ya magonjwa ya akili, na kila mkazi wa hapa anajua jinsi jina hilo lilivyogeuzwa kuwa tusi midomoni mwa watu. Mtu akikaa kimya siku mbili anaambiwa apelekwe Mirembe. Katika mazingira kama hayo mgonjwa anahitaji ujasiri mkubwa mno ili afike kwa daktari, na kanisa ndilo lingepaswa kumshika mkono amalize safari. Likimwambia kwamba safari yenyewe ni dhambi, limemwacha bila mlango wowote. Mwenye kuandaa kozi hakupaswa kumpa mgeni jioni nzima bila kujua atafundisha nini. Nimeliandikia baraza la wazee jambo hili, na nimeambiwa kwamba awamu ijayo mgeni yeyote atakaa pamoja na kiongozi mmoja wa kozi.

Kilichofuata Jumanne ya nane, hata hivyo, ndicho kipindi bora kuliko vyote kumi. Mama Nesi hakumtaja mgeni wala hakumpinga kwa jina. Alifungua 1 Wafalme 19 na kutusomea habari za Eliya, ambaye sura moja kabla yake aliuita moto ukashuka juu ya Karmeli, na sasa ameketi chini ya mti wa mretemu nyikani akiomba afe: "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Hapa hapana mtu asiye na imani. Akatuuliza malaika alimwambia nini nabii huyo. Tukasoma. Malaika hakumkemea, hakumhubiria, hakumwambia akiri lolote. Alimgusa akamwambia ainuke ale, na palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala, akalala tena, na mara ya pili malaika akamwamsha ale, "maana safari hii ni kubwa mno kwako." Ni baada ya usingizi mara mbili na chakula mara mbili, na safari ya siku arobaini hadi Horebu, ndipo Mungu anamuuliza Eliya swali na kumsikiliza akijibu. Mama Nesi alifunga Biblia akasema kwamba katika miaka yake ya wodini aliwapa watu wengi mkate huo, mwingine ukiwa katika umbo la kidonge. Mchungaji akaongeza kwamba Paulo alisafiri na Luka, ambaye Wakolosai 4:14 inamwita "tabibu mpendwa", na kwamba Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, akiwa katika ngome ya Coburg mwaka 1530, alimwandikia Hieronymus Weller, kijana aliyekuwa akifundisha watoto wake na ambaye alilemewa na huzuni, akimsihi asikae peke yake. Yule aliyekuwa ameacha dawa alikuwapo jioni hiyo, ameketi safu ya pili, na hakuna aliyemgeukia kumtazama. Hilo nalo nililiona kuwa heshima.

Wanaoniuliza hutaka pia kujua kama kozi inazidi kundi la WhatsApp la mistari ya asubuhi au programu ya Biblia ya kwenye simu. Vyote viwili ninavyo na ninavitumia. Kundi hunitumia mstari ambao haujui nimeamkaje. Programu hunipa chochote nitakachotafuta, na mtu mwenye mawazo hutafuta kile anachokijua tayari. Hakuna hata kimoja ambacho kingeweka kidole chini ya Yeremia 29:11 na kuniuliza waliandikiwa akina nani.

Matokeo yake kwangu ni haya. Sijapona kwa maana ya ushuhuda unaopigiwa makofi. Bado kuna usiku naamka, hasa mwezi ule aliofariki mama ukikaribia, na wazo lile huja na maneno yake matano yaleyale. Lakini sasa nalijua kwa mwandiko, na lina majirani: upande wa kulia kuna uji wa ulezi wenye ndimu, na baada yake Zaburi 42, na chini nimeongeza Maombolezo 3, maneno ya mtu aliyeuona mji wake umeteketea na bado akaandika, "Neno hili najikumbusha, kwa hiyo nina matumaini." Najikumbusha; halikuja lenyewe, alikwenda akalichukua. Mara nyingi siku hizi hulala tena kabla ya saa kumi. Na kweli iliyobaki, kwamba nilichelewa siku mbili, niliipeleka mahali inapostahili, yaani katika sala ya toba, nikaungama mbele ya mchungaji jinsi ilivyo, bila kuikuza wala kuipunguza, nikatamkiwa ondoleo.

Ningemshauri ajiunge mtu yeyote anayeweza kusoma na kuandika, aliye tayari kuonyesha daftari lake kwa mtu mmoja, hata kama si wa usharika huo. Katika kundi letu walikuwamo Waanglikana watatu na Mkatoliki mmoja, na hakuna aliyewauliza kitu. Aliye katika hali ya kutaka kujidhuru asisubiri awamu mpya. Aende hospitali leo akiwa na ndugu, na kozi ataikuta. Awamu ijayo inaanza Jumanne ya kwanza baada ya mavuno, na uandikishaji hufanyika kwa mhudumu wa ofisi ya usharika baada ya ibada ya pili. Njoo na Biblia yako mwenyewe, kwa kuwa za ukumbini hazitoshi, na ufike mapema upate kiti cha mbele upande wa dirisha, maana Mama Nesi ana sauti ndogo na kwaya haitahama.